Jiwe la Mzee Thuku

Alhamisi, 10 Aprili 1986

Siku mbaya. Mgeni wa chumba namba nne aliniomba nizime taa za nyumba nzima ya wageni. Nikazizima. Wageni wengine wawili (ndio wote tulio nao, mvua zimeanza) wakajigonga ngazini. Lawama kwa nani? Kwangu mimi, Joram! Bi Khamisa, mwenye nyumba, amesema msimamizi mwenye akili angewaonya watu kwanza. Msimamizi mwenye akili! Amesahau ni nani aliyebuni kengele ya chai ya asubuhi.

Mgeni wa taa ni Bwana Ettore, mwalimu mstaafu wa Kitaliano. Amekuja Malindi kupiga picha ile nyota ya mkia inayozungumzwa na dunia nzima mwaka huu. Darubini yake iko juu ya paa. Bafu lake amelifanya chumba cha kuoshea picha, na kuoga huenda namba tano. Bi Khamisa anavumilia kwa kuwa msimu huu wageni hawapatikani.

Bwanamkuu, mpishi wetu, hakuizima taa ya jikoni. Amesema watu wa kwao Faza hawakaangi samaki gizani. Nimemkumbusha nani msimamizi. Amenipa mgongo akaendelea kugeuza samaki.

Nyumbani: Baba bado yupo. Alishuka kutoka Murang'a ili joto la pwani limtibu kifua. Wiki mbili tu, alisema. Sasa yuko nasi kwa mwezi wa tatu na kifua kimepona zamani. Anangoja tumbo la mke wangu, Wangu, aliye mjamzito. Jioni hukaa akalitazama kama mtu aliyeambiwa subiri nje utaitwa. Najua anachongoja. Nina binti watatu, na mimi ni mwana wake wa pekee. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Thuku, yaani Baba, hatarudi duniani ila kwa mlango wangu, na mlango wangu hadi leo umetoa wasichana.

Na si hilo tu. Baba mkwe, Mzee Ngunjiri, ana uwanja wa mbao Mtwapa na anatafuta meneja. Naye ana mabinti watupu. Amemwambia Wangu, eti kwa utani, kwamba meneja wake atakuwa yule atakayemletea Ngunjiri mdogo.

Mvulana mmoja (akiwa mvulana), babu wawili. Kichwa kinaniuma.


Jumamosi, 12 Aprili

Wazo! Wazo la maisha yangu!

Asubuhi Bwana Ettore ametoka bafuni mbio akipiga kelele kwa Kitaliano. Nikachukua ufagio, nikidhani ni nge. Si nge. Ni doa. Ana picha mbili za kioo, zote za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Nyota zote zimekaa mahali pake isipokuwa kidoa kimoja kilichosogea. Amenipa lenzi nitazame. Nimemwambia nimekiona. (Sikukiona. Nimeona madoa kama vumbi la unga.)

Ameeleza kwa furaha hata chai ikapoa. Hiyo si nyota. Ni jiwe, moja kati ya maelfu yanayolizunguka jua katika njia iliyo kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Upana wake huenda ni kutoka hapa hadi kijiji cha Kakuyuni. Jeusi kama makaa, ndiyo maana halionekani kwa macho matupu. Kulizunguka jua mara moja huchukua zaidi ya miaka minne, na huku linajigeuza lenyewe kila baada ya saa chache. Halina mkia, halina moshi, wala halina mpango wa kutuangukia. Jiwe la heshima zake.

Amelitafuta katika vitabu vyake vyote na halimo. Likithibitishwa kuwa jipya, aliyeliona ndiye hulipa jina. Nimeuliza: jina lolote? Amesema karibu lolote, mradi si la mbwa wake.

Hapo ndipo wazo liliponishukia. Baba apewe jiwe! Mtoto apewe Mzee Ngunjiri! Mimi nipewe Mtwapa! Mtoto ataishi miaka themanini akijaliwa, lakini jiwe halifi. Hakuna atakayepoteza. Nimejipongeza kwa chupa ya soda.

Kasoro moja. Bwanamkuu alikuwa akifagia karibu na mlango, na yeye hafagii kamwe. Mchana amempelekea Bwana Ettore samaki wa nazi ambaye hakuagizwa, na wakati wa kumpakulia ametaja mara mbili marehemu nyanya yake, Bi Harusi, na uzuri wa jina lile. Nimemwekea jicho.


Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda Mtwapa. Nimemwambia Mzee Ngunjiri kwamba akizaliwa mvulana ataitwa kwa jina lake. Mzee ameushika mkono wangu muda mrefu. Kisha akanionyesha ofisi. Nimekikalia kiti cha meneja. Kinazunguka!

Ameuliza kama baba yangu amekubali. Nimejibu kwamba baba yangu atapewa kitu kikubwa zaidi. Si uongo. Baba bado hajakataa.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimemweleza Bwana Ettore mpango wote, jiwe kwa Baba na mtoto kwa Mzee Ngunjiri (Bwanamkuu alikuwa akifagia tena mlangoni). Amecheka, lakini si vibaya. Amesema hata jiwe likiwa jipya, jina haliji upesi. Lazima lionekane tena katika miaka mingine, njia yake ijulikane barabara, lipewe namba, ndipo lipewe jina. Miaka minane. Pengine kumi.

Kumi! Baba ana sabini na minane. Na hiyo namba ni balaa jingine. Kwetu watu hawahesabiwi, ni kuita kifo. Mwaka wa sensa Baba alishinda ndani ya shamba la mahindi mpaka karani alipoondoka.

Nimeamua kuharakisha mambo. Bwana Ettore alinituma posta na telegramu ya kwenda Amerika, kwa wataalamu wanaothibitisha mawe hayo. Telegramu nzima ni tarakimu, zimepangwa tano tano. Mwishoni, kabla ya jina lake, nikaandika THUKU. Herufi tano! Imeingia kama ufunguo kwenye kufuli. Nimewaza kwamba watu wa Amerika wakilikuta jina mapema watalizoea.

Jedida wa posta amesema hajawahi kuona ujumbe usio na maana namna ile. Amegonga muhuri hata hivyo.


Jumatano, 16 Aprili

Nimeangamia.

Bwanamkuu amekwenda nyumbani kwangu na kikapu cha samaki kwa ajili ya Wangu. Nani alimtuma? Hakuna. Wema tu, amesema. Akamkuta Baba kibarazani, akampa shikamoo, kisha akamwaga yote kwa pumzi moja: "Hongera, Mzee! Nasikia wewe wapewa jiwe la mbinguni, na Mzee Ngunjiri apewa mjukuu. Mola akujaalie uhai ulione." Nilipomkabili ameapa kwamba alidhani Mzee anajua. Huenda ni kweli, na hilo linaniudhi zaidi.

Nimefika nyumbani nikamkuta Baba ameketi wima. Ameniuliza kama ni kweli. Nikatoa hotuba yangu niliyoifanyia mazoezi stoo ya mashuka: udhaifu wa mwili wa binadamu, uimara wa jiwe, upana wa kutoka hapa hadi Kakuyuni. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. Jiwe hilo lina umri gani?

Nikajibu kwa fahari, maana Bwana Ettore alinieleza. Nikasema lina umri mkubwa kuliko milima yote. Karibu sawa na jua lenyewe.

Baba akasema basi mimi ni mjinga. Jina hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ni nani aliyewahi kumpa babu yake jina la mjukuu? Kama ni kufuata desturi, jiwe ndilo lingetupa sisi jina, tena tupokee kwa mikono miwili.

Hotuba haikuwa na sehemu hiyo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Amesema tu alidhani amebakiwa na mtu mmoja wa kumkumbuka, na kwamba Jumatatu atapanda basi arudi Murang'a. Kisha akaanza kukunja shati zake, moja moja, akizitia sandukuni. Wangu hasemi nami. Anazungumza na sufuria, na sufuria zinapiga kelele. Nimeona aibu. Nimekula nikiwa nimesimama jikoni.


Alhamisi, 17 Aprili

Mpango wa kumzuia Baba: nimeficha kiatu chake cha kushoto darini. Hakuna mzee wa heshima anayesafiri hadi Murang'a na kiatu kimoja.

Mpango umeshindwa. Amevaa kiatu cha kulia na ndara ya Wangu mguu wa kushoto, akatoka. Nikamfuata kwa mbali nikidhani anakwenda kukata tikiti. Kumbe amekwenda moja kwa moja kwa Bwana Ettore! Amemwomba amwonyeshe huyo mkubwa wake, lile jiwe.

Bwana Ettore ameegemeza kioo dirishani na kumpa lenzi. Baba ameinama kidogo tu, akaweka kidole pale pale. Kidoa amekiona mara moja! Mimi nimekitafuta siku tano. Kisha akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

Alikiambia kioo. Nikataka ardhi inimeze. Bwana Ettore ameuliza mzee amesema nini, nikamfasiria: hiyo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa wake. Mtaliano naye akavua kofia.

Wameketi roshani alasiri nzima, wakiwa na maneno kama ishirini tu wanayoelewana. Bwanamkuu akawaletea kahawa na kaimati, akakaa nao. Mimi nimeambiwa nikaangalie bomba la namba tano. Safari ya Jumatatu iko pale pale.


Jumamosi, 19 Aprili

Jibu kutoka Amerika! Bwana Ettore amelisoma akiwa amesimama, akaketi, akacheka, kisha akatoa leso. Nikadhani kuna msiba.

Jiwe si jipya. Lilionekana miaka ya thelathini na mtaalamu mmoja wa Ulaya, likapewa namba, likapewa na jina. Kisha likapotea! Hesabu ya njia yake ilikuwa na kasoro. Kila walipolitafuta mahali lilipopaswa kuwa, hawakulikuta. Wamelitafuta miaka hamsini, na limepatikana juu ya paa la Bi Khamisa. Bwana Ettore anasema kumpata aliyepotea kunampendeza kuliko kumpata mgeni. Bi Khamisa anauliza kama paa limepasuka.

Nimeuliza jina lake. Ni la mwanamke, refu, gumu kutamka. Mwanamke gani? Mama mkwe wa yule mtaalamu.

Mama mkwe! Nimelazimika kukaa. Miaka hamsini kabla yangu kuna mtu Ulaya aliyekuwa na akili kama zangu, na yeye alifanikiwa.

Kisha Bwana Ettore akasoma mwisho wa telegramu. Wanawashukuru watazamaji wawili: Ettore na Thuku. Akanigeukia kuuliza jina la Thuku limefikaje Amerika. Nikasema huenda ni kosa la posta. Amenitazama vile walimu wanavyotazama. Halafu akasema liache likae, maana mzee kweli amelitazama, na macho yake ni mazuri kuliko ya msimamizi.

Nimempelekea Baba habari nikitumaini atafurahi na kufungua sanduku. Hakuuliza habari za jina lake. Ameuliza: watu wake walimtafuta miaka yote hiyo, baada ya kupotea? Nikasema ndiyo. Akasema jiwe hilo limejaliwa watu. Akarudi kukunja shati zake.


Jumatatu, 21 Aprili

Mvulana!

Amezaliwa alfajiri hospitalini, mzima, sauti ya kuitisha mkutano. Wangu yu salama. Nilifika mbio, na kabla sijakaa, nani anaingia? Mzee Ngunjiri kutoka Mtwapa, aliyepigiwa simu uchungu ulipoanza, na kitanda cha mtoto cha mvule kichwani mwa mchukuzi. Mvule mtupu! Ubavuni kimechongwa NGUNJIRI, herufi kubwa, na maua pembeni. Alimwagiza fundi wake siku ile ile niliyompa ahadi. Mzee anatabasamu kwa meno yote, akimwonyesha kila muuguzi ile kazi ya patasi.

Na Baba alikuwa hapo nje ya mlango, na sanduku lake. Alipitia kuniaga. Hakuingia, maana aliona kitanda na anajua kusoma.

Muuguzi akashika kalamu, akauliza jina la mtoto. Wangu akanitazama kutoka kitandani, akaniambia nilitaje mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wazee wote wawili. Hajanisemesha tangu Jumatano, na neno la kwanza likawa hilo.

Nilikuwa nimejiandaa. Ngunjiri. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilikiona kiti kikizunguka. Ila macho yangu yakaenda mlangoni, yakaona miguu ya Baba: kiatu kulia, ndara ya Wangu kushoto. Mzee wa miaka sabini na minane anakwenda kupanda basi hivyo, na kiatu chake kiko darini kwangu.

Nikasema Thuku.

Sikulipanga. Mwezi mzima huu ni neno la pekee ambalo sikulipanga. Muuguzi akauliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja. Baba akaingia polepole. Akaweka sanduku chini, akamtemea mtoto mate kidogo kifuani kwa kumbariki, kama wafanyavyo wazee wa kwetu, kisha akaanza kuzungumza naye habari za ng'ombe, kama watu wa rika moja waliokutana sokoni. Nimelia. Wangu amenishika mkono. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Ngunjiri hakusema neno baya. Amekipangusa kile kitanda vumbi kwa kitambaa chake, pale penye jina, akasema mtoto akilalie tu, mbao ni mbao. Akaongeza kwamba nafasi ya meneja imepata mtu, kijana mmoja ajuaye kutofautisha mvule na mninga. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la nje peke yake. Nimemwona dirishani. Naye ni mzee, naye hana wa kumrudisha. Roho imeniuma sana.


Jumatano, 23 Aprili

Baba hasafiri tena. Amefungua sanduku na kutundika koti lake kwenye msumari wangu. Anasema atabaki mpaka Thuku atembee. Watoto wetu huchelewa kutembea! Kiatu nimekileta mezani nikisema nimekikuta baada ya msako mkali. Baba amenishukuru, na Wangu amecheka mpaka mtoto akaamka.

Bwana Ettore anaondoka kesho. Amempa Baba kopi ya ile picha. Bwanamkuu amepewa lenzi. Mimi nimepewa risiti za kufua mashuka yaliyotiwa dawa za picha.

Jioni hii nimejihoji kwa kina. Mtu mzima lazima ajiulize alikosea wapi. Nimejiuliza, na jibu ni wazi: mpango wenyewe haukuwa na kosa hata kidogo. Mbona yule wa Ulaya alifanya hivyo hivyo kwa mama mkwe na hakuna aliyempigia kelele za sufuria? Kosa lilikuwa la jiwe. Dogo mno, jeusi mno, tena lilikwishatumiwa na mtu. Mzee Ngunjiri si mtu wa kupewa kidoa cha kutafutwa kwa lenzi. Anahitaji kitu ambacho yeye mwenyewe atakiona akiwa uwanjani kwake Mtwapa, bila kuomba msaada wa mtu.

Nilikuwa nawaza hayo hapa roshani, na mwezi ukatoka baharini. Karibu umejaa, mwekundu, mkubwa ajabu. Nikampigia hodi Bwana Ettore, ambaye alikuwa akifunga mizigo, nikamuuliza mwezi unaitwaje. Amesema milima yake ina majina, na mashimo yake yana majina. Nikasema sikuuliza milima. Wenyewe? Amefikiri, akasema unaitwa mwezi tu.

Jedida hufungua dirisha la posta saa mbili asubuhi, na nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ngunjiri si herufi tano, lakini tutabanana. Mwezi mzima, na hauna jina la mtu yeyote! Inaelekea hakuna aliyewahi kuomba.